Upepo wa Tairi Ulivyoniumbua Mbele ya Mama Mkwe

NIANZE kwa kuungama. Kwa miaka sita niliendesha gari bila kujua matairi yangu yanatakiwa kuwa na upepo kiasi gani. Leseni ninayo, gari linaenda, honi inalia, basi nikajiona dereva. Nikifika sheli namwambia kijana, "Jaza upepo hapo, kaka." Yeye ananiuliza, "Ngapi, bosi?" Nami najibu kwa sauti nzito ya mtu anayejua, "Weka ya kawaida tu."

Ya kawaida! Ungeniuliza ya kawaida ndiyo ngapi, ningekupiga chenga mpaka kesho. Na yule kijana nadhani alikuwa hajui vilevile, maana hakuwahi kuuliza swali la pili. Tukadanganyana hivyo miaka yote, na tairi likanyamaza.

Siku lilipoamua kusema, mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Ilikuwa Desemba 2014. Mama mkwe alikuwa amekuja Dar es Salaam kumwona mjukuu mchanga, akakaa nasi miezi miwili, sasa anarudi kwake Moshi kabla ya Krismasi. Mimi, si unajua tena mambo ya kutafuta sifa ukweni, nikasema hapana, mama hawezi kubanana kwenye basi na msimu huu, nitampeleka mwenyewe. Mama watoto akafurahi. Shemeji yangu mdogo, ambaye huwa hakosi safari ya bure, akadandia. Mtoto hakuulizwa. Tukawa watano.

Sasa mama mkwe si mtu wa kuondoka mjini mikono mitupu. Gunia la mchele la kilo 50. Nazi sikuzihesabu. Dumu la mafuta ya kula, sukari, vitenge, na sanduku ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na nini. Buti lilifungwa kwa shemeji kulikalia. Nyuma gari likachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga.

Jioni ya kuamkia safari nikalipeleka kwa fundi wa pancha wa mtaani kwetu. Ni mtu mwema, na kwa kuziba pancha ni hodari, sitaki kumsema vibaya. Akayapiga matairi teke moja moja, akayabonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama daktari.

"Unakwenda mbali, bosi?"

"Moshi."

"Na mzigo wote huo?"

"Na watu watano."

"Basi hapa tupunguze upepo. Njiani kuna joto, tairi likichemka upepo unatanuka, linapasuka. Nakuwekea 24 zote nne. Utakwenda unateleza kama umelalia godoro."

Maneno yakaniingia. Joto hutanua hewa, hata shule tulifundishwa. Mama watoto ndiye aliyetia doa. Alikuwa amesimama upande wa dereva, mtoto mgongoni, mlango uko wazi, akainama kutazama kwenye nguzo ya mlango.

"Baba, hapa kuna karatasi imechorwa gari na matairi. Imeandikwa 220, halafu kuna 240."

Fundi akacheka. Mimi nikacheka kumzidi fundi. 240! Si tairi litapasuka hapa hapa tuzikane? Nikamwambia hayo ni maandishi ya Kijapani, ya huko kwao kwenye barafu, sisi huku tuko Afrika. Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza vile huwa naogopa, lakini mbele ya fundi mwanamume haogopi.

Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Chalinze tukanywa chai, Segera tukapita, Korogwe tukaanza kuiona mikonge imejipanga kama wanafunzi wa mstari. Na kweli gari lilikuwa linateleza! Mama mkwe alikuwa anasinzia, ananisifu katikati ya usingizi. Niliona usukani mzito kidogo, na kwenye kona gari lilikuwa linachelewa kurudi, linalala upande kama mlevi anayeegemea ukuta. Nikasema moyoni, ni mzigo huo. Jua likawaka. Tukaipita Mombo, tukaipita Mkomazi, barabara ikanyooka, milima ya Upare mkono wa kulia. Nikakanyaga mpaka 100.

Paa!

Msomaji wangu, tairi kupasuka si kama unavyolisikia kwenye hadithi. Kwanza unadhani umepigwa risasi. Halafu mkia wa gari unaanza kutembea peke yake. Lilikuwa la nyuma kulia. Mimi kwa ujinga nikakanyaga breki, tena breki yote, na gari likageuka ubavu likavuka barabara. Mbele yetu linakuja basi. Honi ya basi lile huwa naisikia usingizini mpaka leo. Dereva wake, Mungu ambariki popote alipo, alitumbukia kwenye vumbi la pembeni akatukwepa kwa upana wa mkono. Sisi tukaishia kwenye majani, upande ambao si wetu.

Kimya. Halafu mtoto akaanza kulia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Tukajihesabu. Watano. Nazi moja ilikuwa imefika miguuni kwangu, sijui ilipitia wapi. Mama mkwe alikuwa anasali Kichaga.

Alipomaliza sala alishuka, akaenda nyuma kulitazama lile tairi. Lilikuwa limechanika ubavuni, limebaki vipande vya mpira na nyuzi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hili tairi lilikuwa na upepo?"

"Lilikuwa nao mama. Ila tuliupunguza makusudi, kwa sababu ya joto na mzigo."

Akanitazama kwa muda. "Marehemu baba yao alikuwa na baiskeli. Siku ya kupeleka ndizi sokoni, alikuwa anaongeza upepo kwanza ndipo anapakia mkungu. Hata siku moja sikumwona anapunguza."

Akaenda zake kumchukua mjukuu. Hakunitukana, hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Mambo hayakuishia hapo. Nikatoa tairi la spea kwa mbwembwe, kumbe nalo halina upepo, laini kama chapati. Tangu ninunue gari sikuwahi kulipima. Shemeji akageukia milimani ili nisimwone anavyocheka.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori. Malori makubwa breki zake hutumia upepo, kwa hiyo yana kompresa, na yeye alikuwa na mpira wake wa kujazia na kipimo chake mwenyewe kilichofungwa kwenye kitambaa kama saa ya dhahabu. Akayagusa kwa kiganja matairi matatu yaliyobaki. "Yana moto haya. Uliweka ngapi?"

Nikamweleza. Akacheka kwa huruma, akaniuliza: "Umewahi kukata waya bila koleo? Unafanyaje?"

"Naupinda huku na huku mpaka ukatike."

"Na pale unapopinda panakuwaje?"

"Panapata moto."

"Basi ndivyo ulivyolifanya tairi lako. Upepo ukiwa kidogo na mzigo ukiwa mkubwa, ubavu unapinda kila linapozunguka. Hilo joto uliloliogopa umelitengeneza mwenyewe."

Baadaye nyumbani nilipiga hesabu. Tairi la gari dogo kama langu, ukiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 800 kwa dakika. Mara 800 ubavu unapinda na kunyooka, dakika moja tu! Na mimi nilikuwa natoka Dar.

Yule dereva akauliza swali la mwisho: "Kwani mlangoni kwako pameandikwa ngapi?"

Mama watoto hakusema neno. Alifungua mlango tu.

Kaazi kweli kweli. Zile namba tulizozicheka na fundi zilikuwa za kipimo kingine, kPa. Fundi wetu na sheli zetu nyingi hupima kwa psi. kPa 100 ni sawa na psi 14.5. Kwa hiyo 220 ni psi 32, na 240 ni psi 35. Vibandiko vingine huandika 2.2 au 2.4, hizo ni bar, na ni kitu kile kile. Changu kilikuwa na safu mbili: 220 gari likiwa na watu wachache, 240 likijaa watu na mizigo. Kijapani sikijui, lakini picha ya watu wawili na picha ya watu watano na masanduku hata mtoto wa chekechea angeelewa. Mimi nilitakiwa kuweka 35. Nikaweka 24, halafu nikapakia ukwe mzima.

Akatujazia spea 35. Yale matatu yenye moto akakataa kuyapima papo hapo, akasema yapoe kwanza, maana kipimo cha tairi la moto kitakudanganya. Tukakaa chini ya mti karibu saa nzima, naye akakaa nasi, mama mkwe akimlisha maandazi kama mwanawe wa kumzaa. Mimi sikupewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa upepo, na niliyojifunza nakupa bure, msomaji wangu, usilipie kama nilivyolipa.

La kwanza, upepo sahihi wa gari lako haumo kwenye kidole gumba cha mtu. Matairi ya siku hizi ubavu wake huwa umetuna kidogo hata yakiwa sawasawa, hivyo kwa macho au kwa teke huwezi kujua lenye 32 na lenye 24. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Magari mengine kibandiko kiko kwenye kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye kitabu cha gari. Hao waliolitengeneza ndio waliopima uzito wake. Mara nyingine mbele na nyuma namba hazilingani, usishangae.

La pili, usichanganye na ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, mara nyingi 44 au 51. Wapo mafundi wanaoisoma hiyo wakakujazia mpaka hapo wakidhani wamekufanyia wema. Ile ni mwisho wa tairi, ukomo, si kipimo cha gari lako. Ni sawa na mtu akwambie ndoo hii inabeba lita 20, ukadhani lazima unywe lita 20. Upepo ukizidi, tairi linasimamia katikati tu, linashika barabara kidogo, breki zinachelewa hasa kwenye mvua, na kila shimo linakugonga kiunoni.

La tatu, pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla hujaenda popote zaidi ya kilomita moja au mbili. Namba za mlangoni ni za tairi baridi. Ukitembea, upepo utapanda psi tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Na hali ya hewa ikipanda nyuzi joto 10, upepo hupanda kama psi moja na nusu. Waliotengeneza tairi wanalijua hilo tangu zamani, wameliweka kwenye hesabu zao. Hapo ndipo fundi wangu alipojikwaa. Aliona joto linaongeza upepo, akaona dawa ni kuupunguza. Ukipunguza wakati lina moto, likipoa utakuta umebaki na pungufu, na pungufu ndiyo inayochemsha.

La nne, soma tairi lako linavyokula. Likiisha pembeni kote kuwili huku katikati kuna meno, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulikuwa mwingi. Likila upande mmoja tu, usimlaumu mwenye kompresa, hilo ni la kupima mpangilio wa magurudumu. Tairi lenyewe litakuambia, bora umsikilize kabla halijapiga kelele kama langu.

La tano, nunua kipimo chako. Vile vya sheli vingine huburuzwa chini mchana kutwa, vinakanyagwa, vinanyeshewa. Nilipoanza kupima mwenyewe, niligundua sheli mbili za njia moja zinatofautiana psi nne kwa tairi lile lile. Kipimo kidogo cha mkononi hakifiki bei ya kuku wa kienyeji. Pima angalau mara moja kwa mwezi, maana hata tairi zima lisilo na pancha huvuja psi moja hivi kila mwezi. Ukimaliza, rudisha kifuniko cha valvu, vumbi lisiingie.

Usidhani ni sisi tu tunaofanyana hivi. Mwaka 2000 huko Marekani kulikuwa na kashfa kubwa. Kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi kama milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya matairi kuachia ngozi mwendoni na magari kupinduka. Waliokufa walizidi 200. Ford ikalaumu tairi, Firestone ikalaumu gari, na katikati ya ugomvi ukawemo upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikasema ilitakiwa 30. Psi nne tu, mataifa yakashikana mashati. Mimi nilikuwa chini ya kipimo kwa psi 11 na bado nikajiona mjanja.

Mwaka huo huo Wamarekani wakatunga sheria, na kutokana nayo magari mapya yote ya kwao yakalazimika, kufikia Septemba 2007, kuwa na taa ya dashibodi inayowaka upepo ukipungua. Ulaya nao wakafuata, magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Huenda gari lako unalo hilo, kataa kadogo ka manjano chenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Kakiwaka usikapuuze. Lakini usikategemee kupita kiasi pia, maana kwa sheria ya Marekani kanatakiwa kuwaka upepo ukishapungua robo nzima. Robo ya 32 ni 8. Toa, unabaki na ngapi? 24. Ile ile ya fundi wangu! Nilichokiita ya safari ndefu, wenzetu ndipo wanapowasha taa ya hatari.

Na tairi likikupasukia, Mungu apishe mbali, usifanye nilivyofanya. Shika usukani kwa mikono miwili, linyooshe gari, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, breki usiikanyage kwa nguvu. Liache gari lichoke lenyewe, ndipo uliweke pembeni.

Moshi tulifika usiku, mwendo wa 60, hakuna aliyeongea. Asubuhi yake mama mkwe alinipa chai na ndizi, akanikaribisha vizuri, kila kitu kwa heshima. Ila alipokuja tena Dar, alikuja na basi. Mwaka uliofuata akaja na basi tena. Nikijitolea kumfuata ananijibu kwa upole, "Usihangaike, mwanangu, una kazi nyingi." Nakwambia msomaji, hakuna kofi linalouma kama upole wa mama mkwe. Gharama za tairi nilizisahau mapema. Lile la kwamba mzee wa watu anaona roho yake iko salama zaidi kwa dereva asiyemjua kuliko kwa mkwewe, hilo nililala nalo.

Na fundi? Nilirudi kwake. Sikugombana naye, kwani nani alimpa jukumu la kulijua gari langu kuliko mimi? Nilimwonyesha kibandiko, nikamwandikia kwenye ukuta wa kibanda chake kwa chaki: 200 ni 29, 220 ni 32, 240 ni 35. Siku hizi yeye mwenyewe ndiye anayewafungulia wateja mlango na kusoma.

Mwaka 2017 tukawa na harusi ya shemeji, yule yule wa kudandia. Gari letu lilikuwa la kutoka Moshi mjini kwenda kijijini, safari fupi tu, na mabasi siku hiyo hayakuwapo. Nikaamka mapema, nikachutama na kipimo changu, tairi moja baada ya jingine, gari likiwa baridi. Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe amesimama nyuma yangu na kitenge chake kipya, ananitazama. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Umeongeza?"

"Nimeongeza mama. Thelathini na tano, zote nne."

Akafungua mlango wa mbele. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani alipogeuka.

"Na lile la tano?"

Nikaenda kufungua buti.